Nirudishie Kovu Langu

Foleni ya ofisi ya pasipoti siku hiyo ilikuwa imetoka mlangoni, ikashuka ngazi na kupinda mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu. Ng'ambo ya barabara, kwenye studio yenye upana wa vitanda viwili, Fundi alikuwa anakata picha huku akipiga mluzi. Foleni ndefu kwake ilikuwa neema. Mara mlango ukasukumwa kwa nguvu, na aliyeingia hakuonekana kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

Alikuwa amevaa gauni la njano lenye mifuko, miwani ameipandisha juu ya nywele, viatu vya kisigino amevishika mkononi. Jasho lilimtiririka shingoni, na bado alinukia vizuri.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Karibu dada, keti, nikupe maji..."

"Maji kanywe mwenyewe! Nimesimama pale tangu saa moja asubuhi. Nafika dirishani, karani anaitazama picha, ananitazama mimi, anasema, 'Dada, huyu si wewe.' Foleni nzima ikacheka!" Akabwaga picha nne mezani. "Nirudishie kovu langu."

Fundi akaziinua. Alimkumbuka; alimpiga picha jana yake. Juu ya nyusi ya kushoto ya huyu dada palikuwa na kovu refu kama kiungo cha kidole, na kwenye picha hapakuwa na kitu, ngozi laini tu. Alikuwa amelifuta bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa meza.

"Nilidhani nakusaidia."

"Nani alikuomba msaada?"

"Hawaombi, lakini hawakatai. Watu wanakuja hapa na nyuso walizopewa na Mungu, wanaondoka na zile wanazozitaka."

"Mimi naitaka ya Mungu."

Fundi akacheka, na katikati ya kicheko akakumbuka kwamba ile ya mwanzo huenda ameshaifuta. Bahati yao, ilikuwa siku ya Jumatano. Kompyuta yake ilikuwa kongwe na nafasi yake finyu, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kuhifadhi picha iliyosafishwa juu ya ile ya mwanzo, na kuifuta kadi ya kamera kila Jumamosi. Kovu bado lilikuwa kwenye kadi. Akachapa picha nyingine nne, akampa zote.

Alasiri dada yule alirudi, viatu vikiwa mguuni sasa. "Karani amenitambua," alisema, na hapohapo akaomba yale maji ya asubuhi.

Alikuwa mpima macho kwenye duka la miwani, mitaa miwili kutoka pale. Fundi akambandika jina la Dokta, naye akalipokea kwa maringo. Simu zikaanza.

"Haloo, fundi wa nyuso."

"Haloo, Dokta wangu."

"Umekula?"

"Nimesikia sauti yako, nimeshiba."

"Mwongo! Wewe hata simu unaisafisha."

Siku za mapumziko walikaa kwenye benchi nje ya duka la miwani, Dokta akimchezea mkono. Kilichomfurahisha zaidi ni dole gumba la Fundi. Kucha yake ilikuwa imepasuka tangu ilipoliwa na kisu cha kukatia karatasi, na lenyewe lilipinda kwa nyuma kama mpini wa kijiko hafifu.

"Hili nalo Mungu alilitengeneza akisinzia," alimtania.

"Lisafishe basi."

"Thubutu! Nitakutambuaje gizani?"

Kitu kimoja tu alimnyima. Hakukubali kupigwa picha tena. "Ukinitaka, laazizi, nitazame," alisema, na mtu wa kumtazama alikuwepo, kwa hiyo haikuwa shida.

Habari ya kovu alimsimulia mwenyewe. Akiwa na miaka mitatu, mama yake aliteleza ngazini naye akiwa mgongoni. Baba akambeba mbio mpaka hospitali, dole gumba amelikandamiza juu ya jeraha njia nzima, akiuliza, "Damu imekata? Imekata?" Sasa mama alikuwa amekufa miaka mitatu, na baba alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Mwaka mzima wa kwanza mzee alimngoja mkewe. Kila siku binti alimwambia kwamba amefariki, na kila siku mzee alilia upya, kama ndiyo kwanza anapewa habari. Kisha, kidogokidogo, akaacha kuuliza. Nyumba ikapata kupumua.

"Usiku anaamka, hanijui," Dokta alisema. "Nimepata kazi hospitali ya macho, ng'ambo. Ndiyo maana ya pasipoti. Lakini siendi, Fundi. Nimwachie nani?"

Jumapili moja Fundi alialikwa nyumbani. Shangazi, dada wa yule mzee, aliandaa chakula. Mzee akavalishwa shati jeupe la mikono mirefu. Baada ya kula Dokta alisema, "Leo nitavunja mwiko wangu. Tupige picha mimi na baba." Wakakaa kwenye kochi karibu na dirisha, mwanga wa saa kumi ukiwaangukia ubavuni. Fundi alikuwa amefumba jicho moja nyuma ya kamera pale mzee alipomgeukia binti yake, akainua mkono taratibu, akapapasa paji la uso mpaka dole gumba likalipata kovu.

"Damu imekata, mwanangu?"

Miezi saba Dokta hajaitwa mwanangu. "Imekata, baba."

"Basi usilie."

Fundi akabonyeza.

Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa na mwisho mwingine. Lakini ukimpa mtu nyundo, hata kisicho msumari atakigonga. Fundi alitaka kuposa, na alitaka kwenda kwa baba mkwe na zawadi itakayomtoa machozi. Ukutani pale sebuleni palikuwa na picha ya marehemu mama, amevaa gauni la maua, anacheka. Akaipiga kwa simu. Usiku kucha? Hapana, mchana kweupe, baina ya mteja na mteja, aliwasogeza baba na binti wakaachana, akamketisha mama katikati. Mkono wa mzee ulikuwa unamziba binti uso, kwa hiyo akauteremsha, akauweka begani kwa mkewe, vidole vinne mbele, dole gumba nyuma. Kovu hakuligusa. Alijisifu hata: amejifunza. Akahifadhi. Jumamosi akaifuta kadi, kama kawaida yake.

Jumatatu asubuhi, Dokta akiwa kazini, akampelekea mzee picha ndani ya fremu ya mbao.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Aliangalia shati lake jeupe, akaangalia kochi, akaangalia dirisha.

"Kumbe alikuja," alisema. "Jumapili alikuja."

Fundi angeweza kusema hapana. Lakini uso wa mzee ulikuwa umewaka kwa furaha, na yeye kazi yake ilikuwa kuwapa watu nyuso za furaha. "Ndiyo, baba," alisema. "Alikuja."

Jioni simu ikalia.

"Umempa baba nini?"

"Zawadi, mpenzi. Nilitaka..."

"Ameweka kiti cha mama mlangoni. Hataki kula, anamsubiri wale pamoja. Nimemwambia mama alifariki, akanionyesha picha. Akaniambia mimi ndiye mwongo. Mimi, Fundi! Anasema nimemficha mke wake."

"Basi iondoe ukutani."

"Nimeiondoa. Anaitafuta chini ya godoro. Mwaka mzima nilimzika mama kila siku ili baba apumzike. Wewe umemfufua kwa asubuhi moja. Usinipigie."

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa. Shangazi aliinama kuwasha jiko, alipoinuka kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Walimkuta mzee kituo cha basi, ameketi wima, ameloa mpaka kwenye mifupa, na mwavuli umefungwa magotini. Walipomuuliza kwa nini hakuufungua alisema, "Ni wa mama yenu. Akishuka atauhitaji." Homa ikampanda usiku huo, mapafu yakajaa. Siku tisa Dokta alikaa hospitalini amemshika mkono. Siku ya kumi hapakuwa na mkono wa kushika.

Fundi alikwenda mazishini akasimama nyuma ya watu wote. Dokta alimwona, akageuza uso. Miezi miwili ikapita. Fundi alisafisha nyuso za watu na hakupiga mluzi.

Kisha asubuhi moja simu ikaandika jina lake.

"Fundi. Sijapiga kugombana."

"Dokta wangu..."

"Nisikilize. Nimepitia kila kitu humu ndani. Picha za baba za siku za mwisho hakuna, ila ile yako. Naitaka ile ya kwanza, kabla hujaigusa. Ile amenishika kovu. Siku ile alinijua. Nataka ushahidi kwamba alinijua. Ukinipa hiyo, nadhani... nadhani naweza kukaa nawe tukazungumza mambo yetu. Ipo?"

Jibu Fundi alikuwa nalo kabla ya kuigusa kompyuta. Aliiona Jumamosi ile, aliona kidole chake kikibonyeza kufuta. Aliangalia kalenda, aliangalia pazia, aliangalia kila kitu isipokuwa ukweli.

"Ipo, mpenzi," alisema. "Nipe siku tatu niichape vizuri."

Siku tatu alifanya kazi aliyokuwa hajawahi kufanya maishani. Alimwondoa mama. Nyuma yake palikuwa na kochi ambalo Fundi hakulikumbuka, akalibuni. Akawasogeza baba na binti wakagusana. Mkono wa mzee ulikuwa na vidole vinne tu, dole gumba lilikuwa limepotelea nyuma ya bega. Akatafuta kwenye kila faili, hakupata dole la mzee. Saa kumi alasiri, mwanga ukiwa uleule, akaweka kamera kwenye stendi yake na kulipiga picha dole lake mwenyewe. Akalizeesha, akalichora mikunjo, akaiunga kucha iliyopasuka. Alipomaliza alilia, maana hata yeye aliamini.

Dokta alikuja amevaa lile gauni la njano. Amekonda, gauni lilimpwaya mabegani. Fundi akampa picha mkononi.

Aliiangalia muda mrefu. Machozi yakamtoka bila sauti, kisha akamrukia Fundi shingoni, na Fundi akahisi mbavu zake zikitikisika.

"Ni yeye," alisema. "Ndivyo alivyonitazama. Oh, Fundi. Nimekuchukia miezi miwili, nimechoka. Chuki ni kazi nzito, kipenzi."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe njiani."

"Basi nikuoe," Fundi alisema. Yalimtoka yenyewe, hata pete hajaitoa mfukoni. "Niambie ndiyo, nami sitaomba kitu kingine duniani."

Dokta akacheka huku analia. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, wewe mtu wa ajabu. Ile kazi ya ng'ambo waliniitia tena, na tiketi wakaleta; wampe mwingine." Akaishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. "Ngoja nimwone baba vizuri."

Akaenda nayo dirishani. Alikuwa mpima macho. Kuangalia ndiyo kazi iliyomlisha. Fundi aliuona mgongo wake ukitulia, halafu ukakakamaa.

"Lete mkono wako."

"Wa nini, mpenzi?"

"Lete."

Akaushika, akaliweka dole gumba la Fundi kando ya picha. Kucha zilitofautiana. Mikunjo ilitofautiana. Lakini yote mawili yalipinda kwa nyuma, mpindo uleule, mpini wa kijiko. Fundi alikuwa ameishi na dole lile miaka yote, hata hakuliona.

"Hili ni lako," Dokta alisema polepole. "La baba lilinyooka kama msumari. Nimelishika siku tisa."

"Dokta..."

"Ya kwanza iko wapi?"

"Haipo. Nilihifadhi juu yake. Kadi nikaifuta."

"Ulijua lini?"

"Uliponipigia."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kitambaa cheupe, picha magotini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ungesema haipo, ningelia," alisema. "Ningekaa hapahapa nikalia, kisha ungenishika, basi. Nilikuja kukusamehe, Fundi. Ulikuwa umeshasamehewa."

"Sikuweza kukuona unaikosa."

"Mpaka leo asubuhi, nikifumba macho, nilikuwa namwona baba ananigusa. Ilififia, lakini ilikuwa yangu." Akafumba macho. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kovu, ukaganda pale. "Sasa naona dole lako. Najaribu kuliona la baba, linakuja lako. Umehifadhi juu yake. Hata humu ndani."

Fundi akapiga magoti, akamshika mikono, akasema yote ambayo mtu husema. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Kisha akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akairudisha kichwani.

"Ijumaa nasafiri," alisema. "Usije kuniaga. Ukija, siku moja nitakumbuka uso wako, na sitajua kama ndivyo ulivyokuwa."

Aliiacha picha juu ya kiti. Mlango alioingilia kwa kishindo siku ile, aliufunga taratibu.

Ijumaa foleni ilikuwa ndefu tena. Fundi hakufungua mpaka mchana, na alipofungua alianza kumtafuta Dokta kwenye picha zake. Kwenye kadi hapakuwa na kitu, na kwenye kompyuta zilikuwepo zile mbili tu za kwenye kochi, zote za uongo. Mwishowe, chini ya mkasi, ndani ya droo, alizikuta zile picha nne ambazo karani alizikataa. Alizipanga mezani, akazitazama mpaka wateja wakaanza kugonga kioo. Alikuwa msichana mzuri sana, paji lake halina hata alama, na Fundi hakuwahi kukutana naye.