Mgeni wa Kiko

Kitu cha kwanza kilichomtia Zein mashaka ni kwamba tumbaku haikuwa ikipungua.

Mkebe wenyewe ulitoka ukutani. Fundi Fondo alikuwa akibandua lipu mbovu katika duka la kofia la Zein, mtaani Kuze, akaukuta umepachikwa kati ya mawe, umezibwa kwa nta pande zote. Mtu mwenye akili timamu angeutupa. Zein akaufungua, akaunusa, na hapo alikuwa amekwisha, maana palipo na kiko Zein hana akili. Mkewe, Afaf, alikuwa amempiga marufuku kuvuta ndani kwa sababu ya binti yao Shahd, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu. Kwa hiyo Zein na rafiki yake Kioko, mstaafu wa reli, walivutia barazani mbele ya duka, kila siku baada ya sala ya alasiri.

Kioko alivuta mara moja tu, machozi yakamtoka.

"Bwana Zein, hii si tumbaku. Hili ni teke la punda."

"Vuta polepole, bwana. Utamu waja nyuma."

Na kweli ulikuja. Kwanza ukali, uliopiga kooni ukapanda hadi masikioni. Kisha sukari guru iliyoungua, na karafuu, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Moshi ulipokwisha kutoka, ikabaki ladha moja iliyogoma kuondoka ulimini, ya udongo mbichi wa kaburi. Hiyo Zein hakumwambia mwenzake. Alishindilia kiko tena, akashangaa mkebe bado umejaa vile vile, akawasha.

Kioko aliondoka kichwa kikimzunguka, huku akishika ukuta. Zein alikuwa peke yake aliposikia kikohozi ubavuni, kile kikohozi cha mtu mwenye adabu anayetaka aonekane bila kusema neno. Hakuinua hata macho. Alisema lile ambalo mtu wa Kuze humwambia yeyote anayemkuta na kitu mdomoni.

"Karibu."

Karibu hiyo, kila mtu wa mji anajua, ni ya adabu tu. Jibu lake ni "starehe," kisha mpita njia akashika njia yake. Zein alingoja starehe. Haikuja. Mkeka ukabonyea kando yake, na moto wa kiko, alichokuwa amekishika mbali na mdomo, ukawaka mwekundu wenyewe, ukafifia, ukawaka tena.

Alikimbilia ndani, wala simcheki, nami ningekimbia. Lakini juu ghorofani alimkuta Afaf amesimama kando ya kitanda cha mtoto, amejishika kifua.

"Baba Shahd," alinong'ona, "mtoto yuwatoa moshi."

Shahd alikuwa amelala chali, hajui lolote. Pumzi ilimwingia kwa tabu, ikatoka na uzi mwembamba wa moshi wenye harufu ya sukari guru.

Zein alikipeleka kiko baharini siku hiyo hiyo akakitupa, na mkebe akautupa pia, lakini kesho yake, watu walipokuwa wakitoka msikitini, kiko kilikuwa rafuni dukani kimekauka, mkebe uko kando yake umejaa pomoni, na moto ulipowaka bila mkono wa mtu, Zein alisikia kupitia dari jinsi binti yake alivyovuta pumzi, ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtoto, na moto ulipofifia ndipo alipoitoa, hata akatambua kwamba mgeni wake hakuwa na pumzi ya kuvutia kiko, na kwamba ya kuazima ilikuwa imeshapatikana.

Kioko alikuja akanusa hewa, akagoma kukaa. "Mzee, hapo pangu pamekaliwa," alisema kwa sauti ndogo. Daktari alitoa dawa ya kuvuta, haikusaidia. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja akasoma kwa saa nzima, na alipomaliza dua, kikohozi kikaitikia kwa adabu, "Amin." Mwalimu alisahau viatu.

Siku ya tisa midomo ya Shahd ilikuwa rangi ya zambarau. Ndipo alipoitwa Bi Ruweida, shangazi yake Zein, mwanamke mfupi asiyeogopa wafu wala walio hai.

"Ulimwambiaje?" aliuliza.

"Nilisema karibu, shangazi. Nilidhani ni mtu."

"Naye hakusema starehe."

"Hakusema."

"Basi ni mgeni wako, mwanangu. Ukimfukuza atatoka na hasira, na pumzi aliyoshika ni ya mtoto. Twamuaga. Leteni chetezo na mrashi."

Hapo hata Afaf alielewa. Katika nyumba za Kuze, ukishafukiza udi mbele ya wageni na kuwanyunyizia marashi, kila mtu hujua kikao kimekwisha.

"Ataaga," Bi Ruweida aliwaonya, akiwatazama mmoja mmoja. "Na yeyote asimjibu. Mmenisikia? Hata neno moja."

Alasiri ile walikaa chumbani kwa Shahd, mkebe na kiko vikiwa kwenye sinia. Kiko kiliwaka. Kifua cha mtoto kikapanda. Bi Ruweida alikipitisha chetezo kwa Zein, akakipitisha kwa Afaf, kisha akakisogeza mbele ya mto wa kukalia uliokuwa mtupu. Moshi wa udi haukupanda darini. Ulijikusanya, ukajipenyeza chini ya nguo ambayo hakuna aliyeiona, hata wakaona mikono ya kanzu, na kola, na juu ya kola hakuna kitu. Shangazi akatikisa mrashi. Marashi yalianguka, yakasimama hewani mahali penye viganja, yakapanguswa taratibu pale ambapo pangekuwa na uso.

Kiko kikazimika. Mkebe ulikuwa mtupu, na Shahd akavuta pumzi yake mwenyewe, safi, bila moshi, midomo ikaanza kurudiwa na rangi. Afaf alijiziba mdomo kwa mtandio, akilia kwa furaha. Zein alimshika mtoto mguu. Katika maisha yake hakuwahi kushukuru namna ile.

Hatua zikashuka ngazi, nzito, za mtu aliyeshiba. Katikati, sauti kavu ya kiungwana ikasema:

"Ahsanteni. Nanyi mwije kwetu."

Zein aliuma ulimi. Afaf hakupumua. Bi Ruweida aliinua kidole kuwakumbusha.

Lakini Shahd alikuwa amelala wakati wa maonyo yale. Macho bado yamefumba, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, akaitikia:

"Inshallah, tutakuja."

Ngazini, hatua zikasimama, kumngoja.