Vijia vya Ng'ombe Wasiokuwepo

Maneno yale niliyasikia dukani, siku ya barua, gari la posta linapofika, nikiwa kwenye foleni na unga wangu na makopo ya nyama. Mtu nyuma yangu alisema visima vyote vya hifadhini vimezibwa. Hapa kijijini Tarrapinna watu husema mengi siku ya barua, na mengi huishia palepale mlangoni. Bi Maureen, mwenye duka, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Nani mwenye akili timamu azibe kisima kwenye nchi kama hii?" alisema. "Kesho mtaniambia wamelifunga hata jua."

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Maneno yale yalinifuata nyumbani kama nzi, nikiyapunga yanarudi.

Hifadhi hiyo zamani ilikuwa shamba la ng'ombe. Baba yangu alichunga huko maisha yake yote, na mama yangu alizaliwa huko, karibu na Korongo la Milia. Vinu vya upepo vilivuta maji kutoka chini na kuyamwaga kwenye mabirika, na ng'ombe walikuja kunywa kutoka pande zote. Kisha ng'ombe waliuzwa, serikali ikaifanya nchi ile hifadhi, na sasa watalii huja kwa magari yao makubwa kupiga picha kuta za korongo, nyekundu na nyeupe kama kitambaa cha mistari.

Jioni ile nilimwambia binti yangu Shanaya, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Nasikia visima vya hifadhini vimezibwa."

"Umesikia wapi, Ma?"

"Dukani."

"Dukani walisema pia mwalimu mkuu anafuga mamba bafuni."

Clayton, aliyekuwa amekaa mezani akimalizia mkate, alicheka mpaka akapaliwa. Clayton ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mtoto wangu. Alikuwa amepata leseni ya udereva juzijuzi tu, na pikapu kuukuu ya baba yake ilikuwa sasa mikononi mwake.

"Mama mdogo," alisema, "wewe ukisikia upepo unavuma unaanza kuhesabu watoto."

"Ndiyo, nawahesabu. Na nitaendelea kuwahesabu."

Shanaya aliweka sahani chini kwa kishindo. Nilijua kinachokuja. Wiki moja nyuma, pale kituo cha mafuta, msichana mmoja mtalii alikuwa amemwonyesha picha za korongo.

"Aliniuliza kama nimeshafika," Shanaya alisema. "Nikamwambia bado. Akanionea huruma, Ma. Mgeni ananionea huruma mimi, kwa nchi ya bibi yangu."

"Tutakwenda baridi ikiingia. Sasa ni joto. Hata watalii wamekimbia."

"Watalii ndio wanaopotea. Wanavaa kandambili na kunywa soda. Sisi tunavijua vijia."

"Babu alitufundisha," Clayton akadakia. "Vijia viwili vya ng'ombe vikikutana, fuata upande vinakoelekea vikishaungana. Mbele yake ni maji. Ng'ombe hatembei bure."

Baba alitufundisha sote hivyo, na kwa jambo hilo vijia vilitulea. Niliwajibu kwa neno moja, hapana. Shanaya akaenda kulala bila kuniaga.

Jumamosi nilikwenda kupika chakula cha wazee, kama kila Jumamosi. Niliporudi adhuhuri, bati la nyumba lilikuwa likilia kwa joto, na mbwa walikuwa wamechimba mashimo chini ya sakafu wajifukie. Pikapu haikuwepo. Shanaya hakuwepo. Lakini dumu kubwa la maji, ambalo halitoki kwenye gari la mtu yeyote wa hapa, lilikuwa limesimama barazani. Clayton alikuwa amelishusha aoshe gari, na hakulirudisha.

Nilifungua friji. Zilikosekana chupa ndogo mbili.

Nilikwenda polisi. Konstebo alikuwa kijana mgeni, mpole, uso umeiva kwa jua.

"Mama, watoto wa hapa wanaijua nchi kuliko mimi," alisema. "Tuwape mpaka jioni. Tuna utaratibu."

"Sijakuuliza nani anaijua nchi. Nakwambia hawana maji."

"Labda wamekwenda kuogelea tu."

"Wapi? Nionyeshe maji ya kuogelea hapa nami nitavua viatu."

Akakuna shingo. Akasema tena neno utaratibu. Mimi nimesoma mpaka shule ya msingi tu, lakini najua neno ambalo mtu hulitumia ili asiinuke kitini.

"Basi fuata utaratibu wako ukiwa umekaa," nikamwambia. "Mimi nakwenda."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Narelle. Narelle ni binti wa mjomba wangu na ni mlinzi wa hifadhi. Alikuwa amerudi asubuhi ileile kutoka mafunzoni mjini, mizigo yake bado iko mlangoni.

"Narelle, ni kweli visima vimezibwa?"

"Vyote," alisema. "Maji yale yalikuwa yanavuta ngamia mwitu na mbuzi mwitu, wanamaliza kila jani. Kwani vipi?"

"Shanaya na Clayton wamekwenda korongoni. Dumu liko kwangu barazani."

Hakuuliza la pili. Alichukua ufunguo, na mimi nikachukua maji yote yaliyokuwa jikoni kwake. Akiwa anageuza gari alimwita muuguzi wa zahanati kwa redio, akamwambia ajiandae.

Langoni palikuwa na kibao kikubwa, maandishi meupe: WAGENI, HAKUNA MAJI MBELE, BEBENI YENU. Chini yake maneno hayohayo kwa lugha za nchi za mbali. Tulikipita kwa kasi.

Tuliikuta pikapu kwenye mto mkavu, magurudumu yamezama mchangani mpaka kwenye ekseli. Milango imefungwa. Chupa mbili tupu ziko kwenye kiti. Niliita mpaka koo likauma. Kunguru mmoja alinijibu kutoka kwenye mkaratusi, mdomo wazi kwa joto.

Nilitaka kufuata nyayo, lakini upepo ulikuwa umeshafuta nusu yake. Narelle hakuangalia nyayo kabisa. Alipanda juu ya ukingo, akaangalia mahali ambapo vijia viwili vya ng'ombe, vilivyochimbwa na kwato za miaka na miaka, vilikuwa vinakutana.

"Wako Kisima cha Punda," alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu hata mimi ningekwenda huko."

Tuliendesha gari kwenye nyasi za miiba, likirukaruka, nami nimeshika maji kifuani kama mtoto. Kinu cha upepo kilionekana kwanza. Mabawa yake yalikuwa yamefungwa kwa waya. Chini yake birika lilikuwa na tope lililokauka na kupasuka vipandevipande. Na nyuma ya tangi tupu, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, Clayton alikuwa amelala chali, na Shanaya amepiga magoti akimpepea kwa kofia.

Clayton hakuwa na jasho hata tone. Ngozi yake ilikuwa kavu na moto. Alikuwa akimwita babu yake, amletee farasi. Narelle alimlowesha kichwa, shingo na makwapa, akampepea, na akili zilipoanza kumrudia ndipo akampa maji kidogokidogo, akimnyang'anya chupa kila alipotaka kugugumia. Mimi nilimshika Shanaya. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ana mchanga mpaka kwenye kope.

"Nilitaka kwenda kisima kinachofuata," alisema. "Clayton akaanguka. Sikumwacha, Ma."

"Hukumwacha," nikasema. "Kunywa."

Ungekwenda, mwanangu, ningekukuta wapi? Sikulisema hilo. Nalisema hapa, ili wanaosoma walisikie.

Tukamlaza Clayton kwenye gari tukashika njia ya zahanati, vitambaa vya maji vimemfunika. Tulipolikaribia lango, sauti ikamtoka Shanaya, imekwaruza kama msumeno.

"Vijia havidanganyi."

Nilidhani Narelle atamkaripia. Hakumkaripia.

"Havikukudanganya," alisema. "Vimekupeleka pale ng'ombe walipokuwa wakinywa. Ila ng'ombe wameondoka, na hakuna aliyeviambia vijia. Hukusoma kibao?"

"Nilikisoma, Shangazi. Kimesema wageni. Mimi si mgeni."

Narelle alishika usukani kwa mikono miwili.

"Hapo umenipata," alisema. "Nilikiandika mimi. Niliwafikiria wanaokuja kutoka mbali, nikawasahau wa nyumbani. Kosa hilo ni langu na nitalirekebisha. Sasa nisikilize na lako. Jua halimuulizi mtu amezaliwa wapi. Wewe ulikuwa na pikapu, yenye kivuli, inayoonekana kutoka mbali, na barabara inapita palepale. Ukaiacha. Mtalii wa kandambili angekaa ndani yake akilia, na tungemkuta mzima."

Shanaya aligeuza uso dirishani.

Clayton alikaa zahanati na mrija mkononi, na alipotoka alikuwa amekonda na adabu imemzidi. Konstebo alikuja kuniomba radhi. Nilimpa chai na kumwambia achane na habari za kungoja jioni. Mtu akija kusema watu hawana maji, aondoke saa hiyohiyo.

Kibao kipya kiliwekwa kabla ya mvua. Narelle alimwita Shanaya amsaidie maneno, wakagombana kwa kila neno, kwa sababu Shanaya hakutaka neno wageni lionekane popote. Sasa kinasema: KILA MTU, HATA WEWE ULIYEZALIWA HAPA. VISIMA VYOTE VIMEZIBWA.

Baridi ilipoingia nilitimiza ahadi. Tulikwenda korongoni wanne, magari mawili, maji ya kuoga mpaka ya kumwaga. Shanaya aliweka kiganja chake kwenye ukuta wenye milia, akasimama hivyo muda mrefu. Narelle akasimama karibu naye.

"Kuijua nchi," alimwambia, "ni kuiuliza habari zake kila siku, kama unavyomjulia hali bibi yako. Bibi wa mwaka juzi siye bibi wa leo. Leo labda mguu unamuuma. Usipomuuliza, utamtuma kisimani."

"Nimesikia, Shangazi," Shanaya alisema. "Lakini nitarudi tena huku. Na tena."

"Rudi. Nani kakukataza?"

Dukani sasa wananiita Mama Woga. Bi Maureen ndiye aliyelianzisha jina hilo. Naitika. Waniite hivyo mpaka wachoke. Watoto wangu wapo mezani wanakula, na nikisikia jambo tena kwenye foleni nitalibeba tena mpaka nijue ukweli wake. Nyinyi mnaosoma haya shuleni, iwe nchi yenu ni kavu kama yetu au ni ya misitu na mito, haya ya kuepuka nawaandikia wazi:

Usiende mbali ukiwa na maji ya mtu mmoja kwa watu wawili.

Usishushe dumu la maji garini bila kulirudisha muda huohuo.

Usiingie hifadhini msimu wa joto kali.

Usiseme kibao hakikuhusu.

Usitumie habari za zamani za kisima, mto au njia. Muulize mlinzi, leo.

Gari likikwama, usiliache. Kaa kwenye kivuli chake.

Usimwache mwenzako.

Usimpe aliyezidiwa na joto maji mengi kwa mkupuo, wala usimpe kabisa kama hajielewi. Mloweshe mwili, mpepee, ita msaada.

Usiondoke bila kumwambia mtu unakokwenda. Hata kama unajua atakukataza. Hasa kama unajua atakukataza.