Kadi Iliyokuwa Chumba Namba Tisa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa umeshajaa. Mabenchi hayakuwa na nafasi, wengine walisimama wakiwa na vyeti mkononi, na nyuma ya dirisha la tatu, la kuandikisha watoto, muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa akitafuta kompyuta. Juu ya meza aliona skrini, kibodi na kipanya. Chini ya meza, pale lilipokaa kwa miaka tisa boksi kubwa lililovuma kama feni mbovu, aliona miguu ya mwanamume.

"Samahani," aliiambia ile miguu. "Kompyuta yangu umeipeleka wapi?"

"Iko chumba cha seva. Ghorofa ya chini ya ardhi. Zote ziko huko."

"Na mimi nifanyie kazi huko huko?"

Miguu ilijivuta, kikafuata kiuno, kisha kichwa chenye utando wa buibui. Alikuwa fundi wa kompyuta, mrefu, shati la bluu limekunjwa hadi viwikoni, bisibisi imechomoza mfukoni. Mbele yake kulikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi kwa ukali, mkanda wa zambarau, saa ndogo iliyobanwa kifuani, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo.

"Utafanyia hapa hapa, Sista." Alimwonyesha kisanduku cheusi kilichofungwa nyuma ya skrini, kisichozidi kipande cha sabuni. "Hiki chenyewe hakina kitu ndani. Kazi yako yote iko kwenye seva kule chini, hiki kinakuonyesha tu. Tunaiita kompyuta pepe."

"Pepe au pepo?"

"Pepe."

"Maana kitu kisicho na mwili, kinachokaa chini ya ardhi na kukutokea kwenye kioo, sisi tuna jina lake."

Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa kuthibitisha. Alimpa kadi mpya yenye picha yake, akamwambia aichomeke na aandike chochote. Muuguzi akaandika: *Mtoto wa kitanda cha nne ame*. Fundi akamwambia aitoe kadi papo hapo, asimalizie. Skrini ikawa nyeusi. Wakatembea hatua sitini na mbili, ambazo fundi alizihesabu, hadi wodi ya watoto. Muuguzi akachomeka kadi kwenye kisanduku kingine, na sentensi yake ikatokea pale ilipokatikia, kishale kikipepesa macho.

"Amefanya nini?" fundi aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto wa kitanda cha nne."

"Amenitemea dawa." Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtu wa kwanza kutoka ofisi yenu kuuliza habari za mgonjwa."

"Nilitaka sentensi iishe," fundi alisema, na huo ulikuwa ukweli. "Ukiondoka mahali, ondoka na kadi. Usimwazime mtu. Kwenye mfumo huu, kadi ndiyo wewe."

Katika wiki mbili zilizofuata, wodi ya watoto iliripoti hitilafu kumi na nne. Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa zimepona kabla fundi hajafika.

"Ilikuwa imekwama kabisa," muuguzi angesema, akiwa ameegemea kabati la dawa.

"Sasa inafanya kazi."

"Imesikia hatua zako."

Mkuu wa ofisi ya kompyuta, mzee mwenye maneno machache, alisoma orodha ya hitilafu akavua miwani. "Hebu niambie, kijana wangu. Wodi ya watoto ina matatizo, au ina Sista?"

Fundi alijibu kwamba vyote viwili vipo. Jumapili hiyo alimwalika muuguzi kutembea kwenye bustani iliyo nyuma ya maktaba. Alikuja amevaa gauni la kijani lenye maua madogo, nywele zimesukwa mistari ya kurudi nyuma, na fundi akasahau sentensi aliyokuwa ameiandaa tangu Alhamisi.

"Umependeza," akasema hatimaye.

"Umechukua dakika nne. Ofisini kwenu mnaita hiyo ni kasi?"

Walizoeana haraka. Asubuhi fundi alimpigia simu kabla ya zamu, jioni kabla ya chakula. Muuguzi alimwita Fundi mbele za watu na laazizi kwenye simu. Fundi alimwita Sista kote kote, ila kwa sauti mbili tofauti. Saa saba mchana tu hawakuzungumza. Saa hiyo, muuguzi alimweleza, alikuwa akilala kidogo chumba cha mapumziko, kwa sababu zamu yake ilianza alfajiri. Fundi aliliheshimu hilo. Mwezi wa pili ulipoanza alikwishaamua kumwoa, na alibakiza kuchagua siku ya kumwambia.

Siku hiyo ilivurugwa na orodha.

Kazi yake mojawapo ilikuwa kupitia kumbukumbu za seva: kadi gani ilichomekwa wapi, saa ngapi, kwa muda gani. Jumatatu moja aliona kadi ya muuguzi imechomekwa chumba namba tisa, saa saba na dakika tano mchana, kwa dakika arobaini. Akarudi nyuma. Ijumaa, hivyo hivyo. Alhamisi, hivyo hivyo. Siku kumi na saba za kazi, bila kukosa.

Chumba namba tisa kilikuwa cha daktari wa macho, kijana mwenye manukato na saa ya dhahabu, ambaye wauguzi nusu walimcheka na nusu walimchekea. Fundi hakuangalia daktari huyo huwa wapi saa saba. Kama angeangalia, angemkuta kila siku kwenye kantini, meza ya dirishani, akila. Lakini alikuwa na ushahidi wa siku kumi na saba, na mtu mwenye ushahidi wa kutosha haoni haja ya kuutafuta mwingine.

Hakuuliza. Alipoa. Simu za asubuhi zikakatika. Muuguzi alipotuma ujumbe, *Laazizi, uko salama?*, alijibiwa: *Ujumbe wako umepokelewa.*

Siku ya tatu muuguzi alipiga simu.

"Fundi, mimi ni ombi la kompyuta?"

"Nina kazi nyingi."

"Una kazi nyingi tangu nikufahamu, na ulikuwa unaongea. Nimekosa nini?"

"Jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Wapi?"

"Kitandani. Kwenu watu hulala wapi?"

"Kadi yako ilikuwa chumba namba tisa. Jana, na siku kumi na saba kabla ya hapo."

Jibu muuguzi alikuwa nalo, fupi tu, lakini lilikuwa siri ya mtu mwingine na alikuwa ameapa kuitunza. Kisha akaelewa jambo la pili, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kwa hiyo umekaa huko chini unanifuatilia."

"Ni kazi yangu kupitia orodha."

"Na kuniuliza mimi ni kazi ya nani?" Sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Mimi ni kitu kimoja na kadi ni kitu kingine. Kaa ufikirie ni ipi uliyokuwa unaipenda, halafu uichumbie hiyo." Akakata simu.

Ijumaa orodha ilitakiwa iwe mezani kwa Metroni, mkuu wa wauguzi, na kadi zote zilizotumika nje ya idara zake zipigiwe mstari. Alhamisi fundi alikuwa ameshapiga mstari mmoja. Alikaa akautazama tangu saa nne hadi saa saba kasoro, kalamu mkononi. Kitu kimoja hakikumkalia sawa: katika miezi miwili hakuwahi kumsikia muuguzi yule akisema uongo, hata ule mdogo wa kuwafariji wagonjwa. Mtoto akiuliza kama sindano inauma, alisema inauma. Huo pia ulikuwa ushahidi, na haukuwa kwenye orodha.

Saa saba na dakika kumi alifungua mlango wa chumba namba tisa.

Daktari hakuwamo. Kwenye kiti chake alikaa muuguzi mkongwe wa wodi ya wazazi, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Zamu kwa sababu hakuwahi kukosa zamu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amevua viatu. Miwani ilikuwa kwenye ncha ya pua, na alikuwa akibonyeza kibodi kwa kidole kimoja, kama mtu anayekagua kama maembe yameiva.

"Shikamoo, mama," fundi alisema, kwa sababu hakupata lingine.

"Marahaba. Funga mlango." Kisha akamtambua, na kidole kikaganda hewani. "Ee. Ni wewe."

"Hiyo ni kadi ya Sista."

"Ni yake. Amenipa mwenyewe, na nilimwapisha asikwambie, wewe hasa. Ukitaka kumlaumu mtu, wa kulaumiwa ni mimi." Akavuta kiti cha wagonjwa kwa mguu. "Kaa. Ukisimama hivyo unanitia wasiwasi."

Alieleza bila kuzunguka. Siku ya kwanza ya mfumo mpya alikosea neno la siri mara tatu na kadi yake ikajifunga. Aliomba msaada, msaada haukuja. Kisha likatoka tangazo: asiyeweza kuandika taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta mpaka mwisho wa mwezi angehamishiwa stoo ya mashuka. Aliona aibu kuomba mara ya pili.

"Nimezalisha nusu ya mji huu," alisema. "Halafu nikahesabu mito? Yule binti akasema, mama, chukua yangu, mimi nikilala wewe jifunze. Daktari wa macho saa hii anakula, chumba kiko wazi. Kila siku ananiachia mazoezi ya kunakili. Hebu niangalizie hapa, herufi kubwa nimeiweka sawa?"

Fundi aliinama. Kwenye skrini kulikuwa na mazoezi yaliyopangwa kwa tarehe, kila sentensi ya muuguzi na chini yake nakala ya Mama Zamu, yenye makosa. Ya mwanzo yalikuwa ya kazi. *Mgonjwa amelala vizuri. Mgonjwa amekunywa uji.* Wiki ya pili yalianza kupotoka. *Fundi amekuja leo na shati lile lile la bluu. Nadhani anayo matatu ya aina moja.* Chini yake: *fundi amekja leo na shatii.* Wiki ya tatu: *Nikimwona anakuja kwenye korido, najisahau nilikuwa nahesabu vidonge vingapi.* Na la siku hiyo: *Fundi hapigi simu. Sitampigia tena. Mama, usiniulize, nakili tu.*

Mama Zamu alikuwa amefika kwenye *Sitamp*.

"Herufi kubwa iko sawa," fundi alisema.

"Na wewe?"

"Mimi siko sawa."

Alimwomba Mama Zamu kadi yake iliyofungwa, akapiga simu chumba cha seva, na kazi iliyosubiri wiki saba ikachukua dakika moja na nusu. Kisha akatafuta lile ombi la siku ya kwanza. Lilikuwepo. Lilipokelewa saa nne na robo na kufungwa saa nne na nusu, limeandikwa *tatizo limekwisha*. Jina la aliyelifunga lilikuwa lake. Akakumbuka asubuhi ile: alikuwa akikimbilia wodi ya watoto, ambako kompyuta moja ilikwama kisha ikasikia hatua zake.

Orodha ya Ijumaa ilikwenda kwa Metroni na ule mstari haukufutwa. Chini yake aliandika aya moja: kwamba kadi iliazimwa kinyume cha kanuni, kwamba iliazimwa kwa sababu ofisi ya kompyuta ilifunga ombi bila kulishughulikia, na kwamba mtumishi aliyelifunga ni mwandishi wa taarifa hii.

Jumatatu mchana alimkuta muuguzi kwenye benchi la nje ya wodi, zamu imebakiza robo saa. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Hatujaripoti hitilafu yoyote," alisema bila kuinua macho.

"Najua."

"Metroni amenipa barua ya onyo. Imeandikwa kwa adabu sana."

Fundi akatoa bahasha yake mfukoni. "Na mimi."

Muuguzi aliichukua akaisoma yote. Akaziweka barua mbili pajani, moja kando ya nyingine.

"Mama Zamu ameniambia ulisoma mazoezi."

"Aliniomba nisahihishe."

"Ukasahihisha?"

"Sikuona kosa kwenye yako." Alikaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. "Nilikuwa na jambo la kukuuliza, nikaenda kuliuliza seva. Ulikuwa umelala, kama ulivyosema. Nisamehe, Sista."

"Ungeniuliza, nisingeweza kukujibu. Nilikuwa nimeapa."

"Ungeniambia umeapa. Hilo lingenitosha."

"Lingekutosha kweli?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu. "Wakati ule, hapana. Sasa ndiyo."

Muuguzi alitazama pembeni ili asionekane akitabasamu, na akaonekana. Fundi akaona asisubiri tena siku nzuri.

"Nataka kukuoa," alisema. "Utakubali?"

"Orodha inasemaje?"

"Haimo. Nimekuja kukuuliza sijui chochote."

"Unajisikiaje?"

"Vibaya sana."

"Vizuri. Kaa hapo." Akasimama, akampa barua zote mbili azishike. "Nina mtoto wa kunywesha dawa na zamu ya kukabidhi."

Alikaa dakika ishirini na mbili. Hakuwa na njia ya kujua lolote. Mlango wa wodi ulikuwa wa mbao nzima, bila kioo. Mfagizi alipita akamsalimia, akapita tena akamwonea huruma.

Mlango ulipofunguliwa, muuguzi alikuwa amevua gauni jeupe. Alivaa lile la kijani lenye maua madogo, mkoba begani, viatu vya kutembelea. Alimtupia mkoba, fundi akaudaka.

"Mama yangu anakaa ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi," alisema. "Ukifika juu usianze kumweleza habari za seva, msalimie kwanza. Twende."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka nikujibu kwa barua?"

Fundi alisimama, mkoba wa kike begani na barua mbili za onyo mfukoni. Wakashuka ngazi za hospitali wakibishana ni nani kati yao atakayeanza kuongea.