Mitungi ya Baba Kate

Jirani zangu wa Tudor, na nyinyi wengine wenye magari popote mlipo kisiwani, naomba dakika zenu chache. Sitaki kumsengenya mtu. Wenyewe wamenipa ruhusa niseme, na hata wasingenipa nadhani ningesema tu, maana nimechoka kulibeba jambo hili moyoni.

Ghorofa yetu ina nyumba nane, na kwa miaka mingi tulikaa humo kwa amani. Jumapili jioni ndiyo ilikuwa tamu kuliko siku zote. Upepo wa hori la bahari uliingia mpaka vyumbani, watoto wakicheza uani, na Swafia wa chini akikaanga viazi karai mlangoni pake. Barnabas naye alikuwa akiliosha gari lake huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana.

Barnabas ni mtu wa bara, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, huko Mbaraki. Mkewe, Janet, ni mpishi wa shule moja Kizingo. Wana binti mmoja, Kate, na kwa ajili yake sote tunamwita Barnabas Baba Kate. Mimi ni Priscah, Mgiriama wa Kaloleni, fundi cherehani. Nashona madera dukani kwa Fadhiya kule Mji wa Kale. Mwanangu Kombe yuko Nairobi, nami nakaa peke yangu mlango wa pili kutoka kwao, hatua tano tu.

Kila asubuhi Baba Kate alitupakia sote katika gari lile jeupe kuukuu. Kate alishushwa shuleni kwake, mimi nikashukia Mji wa Kale, Janet akafikishwa Kizingo, kisha mwenyewe akaenda Mbaraki. Miaka minne nilipanda gari lile na sikutoa hata shilingi ya mafuta. Yeye hakuniomba, nami sikujitia kuuliza. Nilimpelekea mahamri siku za sikukuu, nikaona nimelipa.

Basi bei ya mafuta ikaanza kupanda. Mnajua ilivyo: kila tarehe kumi na nne ya mwezi hutangazwa bei mpya, na ikifika usiku wa manane bei hiyo imeanza. Zamani tangazo hilo lilikuwa habari ya redio tu. Mwaka huu limekuwa kama barua ya mwenye nyumba. Watu wanalisubiri wakiwa wamenyong'onyea, na kila likija ni la kupanda.

Baba Kate alipambana kwanza kama mtu mwenye akili. Alizima kiyoyozi, kikabaki pambo. Safari za ufuoni Jumapili zikakoma. Kwenye taa za barabarani alizima injini, nasi tukakaa ndani tukitota jasho, wenye tuktuk wakitupigia honi nyuma. Tulicheka siku za mwanzo, halafu hakuna aliyecheka tena. Janet alianza kushuka garini bila kuaga. Baba Kate mwenyewe akakonda, nyimbo zikamwisha, na gari likakaa na vumbi Jumapili mpaka Jumapili.

Siku moja nilisikia Janet akimwambia, mlango ukiwa wazi, "Baba Kate, si tuliache tu hili gari? Watu wangapi wanapanda matatu na hawafi?"

"Nikiliacha, Mama Kombe ataenda na nini? Na wewe na vyombo vyako? Na huyu mtoto?"

"Mwambie Mama Kombe achangie."

"Nimwombe jirani pesa ya lifti? Kwetu hiyo ni aibu, Janet."

Mimi nilikuwa kwenye ngazi na kapu langu. Niliyasikia yote, nikaingia kwangu, nikafunga mlango polepole. Nawaambia haya bila kujificha. Nilisikia.

Mwezi uliofuata Baba Kate alipata wazo lake. Tarehe kumi na nne mchana, kabla ya bei kupanda, alikwenda kituo cha mafuta akajaza tangi. Alijua hawatamtilia kwenye mitungi ya plastiki, kwa hiyo alirudi nyumbani, akatia mpira kwenye tangi, akafyonza kwa mdomo, akaijaza mitungi. Kisha akarudi kupanga foleni kwenye kituo kingine. Alirudi akitema mate, macho mekundu, lakini amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Akiba haiozi, Mama Kombe," aliniambia.

Sasa, nyinyi wa kisiwani hamhitaji kuambiwa mitungi hiyo ni ipi. Ni hii hii ya manjano, ya lita ishirini, tunayonunulia maji kwa wenye mikokoteni mifereji inapokauka. Kila nyumba ina mitungi kumi au zaidi, na kila nyumba huipanga bafuni. Baba Kate hakuwa na stoo. Aliipanga ya petroli bafuni vilevile, upande wa ukutani, na ya maji upande wa mlango. Ili isichanganyike alikuja kwangu kuomba vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye mikono ya ile ya petroli. Nilimpa vipande vinne vilivyobaki kwenye dera la mteja. Nilimpa kwa mikono yangu, tena nikamtania kwamba mitungi yake imevaa kama maharusi.

Mwenye kusema alikuwa Swafia peke yake. Alipanda ngazi siku moja na goti lake bovu, akabisha.

"Hodi! Masalkheri, Baba Kate."

"Karibu, mama. Salama."

"Mimi sikai. Nimekuja kukuuliza, mbona nyumba yako yanuka petroli mpaka kwangu chini? Mimi nna jiko la makaa mlangoni tangu asubuhi. Wataka kutuua?"

"Mama, ni akiba kidogo tu. Akiba haiozi."

"Hii haiozi, mwanangu. Hii hulipuka."

Akanigeukia, maana nami nilikuwa nimetoka mlangoni kuchungulia. "Na wewe, Priscah, pua yako haifanyi kazi? Mwambie jirani yako. Wewe atakusikia."

Nilijichekesha tu. Nikasema, "Ah, Baba Kate ni mtu mwangalifu." Swafia alitutazama sote wawili, akashuka zake. Baba Kate akasema yule mama anapenda maneno. Nami nikakubali kwa kichwa, kwa sababu kesho yake nilikuwa na mzigo wa vitambaa wa kupeleka Mji wa Kale.

Baada ya wiki chache harufu ilitutoka puani. Haikuondoka, ila tuliizoea. Mtu huzoea lolote.

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu tangu aanze akiba yake, Baba Kate alifikisha mitungi saba. Vitambaa vilikuwa vinne. Mitungi mitatu mipya aliiweka karibu na mlango, ukutani hapakuwa na nafasi, akamwambia Janet, "Nitaifunga kesho." Kesho yake alichelewa kazini. Kesho kutwa ilikuwa Jumamosi, akatoka kwa miguu kwenda kutafuta fundi wa gari. Kate alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya.

Ilikuwa saa kumi jioni. Mifereji ilikuwa mikavu siku ya tano. Gesi ya Janet ilikuwa imekwisha, naye akawasha jiko la makaa kwenye veranda ya nyuma, ile tunayoitumia pamoja. Nilikuwa nimekaa naye nikichambua mchicha. Tulizungumza mambo ya kuchosha ya kila siku, bei ya unga, karo, miguu inayouma. Upepo ukavuma, cheche zikaruka, zikaangukia mkeka uliokuwa umeanikwa. Mkeka ukashika.

Jirani zangu, ulikuwa moto mdogo. Kiatu kingetosha. Janet alikuwa ameshachukua gunia na kuanza kuupigapiga, na moto ulikuwa unakufa. Lakini mimi nilishaingiwa na hofu. Nilikimbia bafuni kwao. Nilijua kabisa petroli imo humo, nikatazama vitambaa vyekundu, nikaviona kule ukutani, nikashukuru Mungu. Nikanyakua mtungi wa karibu na mlango, ule usio na kitambaa. Nikafungua kifuniko huku nakimbia, nikaumwaga.

Sikusikia harufu. Nyumba nzima ilikuwa harufu.

Siwezi kueleza sauti ile. Moto ulisimama kuliko kimo changu. Mkono wangu wa kulia ulishika moto hadi kiwiko, nikautupa mtungi, na, Mungu wangu, niliutupa upande wa Janet. Gauni lake likawaka kuanzia chini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Kombe," kama mtu anayeuliza.

Aliyemwokoa ni Swafia. Sijui goti lile lilipandaje ngazi. Alikuja na blanketi alilolichovya kwenye beseni lake la maji ya viazi, akamfunika Janet, akamwangusha chini, akamviringisha, huku akiita watu waje na mchanga. Vijana wa uani walipandisha mchanga wa ujenzi kwa karai. Wengine waliitoa nje ile mitungi sita ya petroli. Kama moto ungefika bafuni nisingekuwa hapa kuwasimulia, wala ghorofa isingekuwapo.

Baba Kate alirudi akakuta watu wamejaa barabarani.

Janet alilala hospitalini miezi mitatu. Miguu yake yote miwili iliungua, na ngozi ilitolewa mapajani ikabandikwa chini ya magoti. Gari liliuzwa wiki ya pili. Kazi ya upishi ilipewa mwingine. Mimi vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Siwezi kushika mkasi vizuri, na Fadhiya, Mungu ambariki, ananipa kazi ya kushona vifungo tu.

Siku moja wodini Baba Kate alishindwa kujizuia. "Mama Kombe," alisema, "mke wangu nimemchoma mimi."

"Aliyemwaga ni mimi," nikamwambia.

"Aliyeweka ni mimi."

"Nami ndiye niliyekupa vitambaa."

Janet alifumbua macho pale kitandani. "Nyamazeni nyote wawili," alisema. "Mnanichosha."

Hatujalizungumza tena.

Sasa amerudi nyumbani, anatembea kwa fimbo. Kila asubuhi Baba Kate huenda Mbaraki kwa miguu, nami huingia kumsaidia Janet kazi za ndani. Juzi aliniomba maji ya kunywa. Nikayateka, nikampa. Alikishika kikombe, akakiinua mpaka puani, akanusa. Kisha akayanywa. Sidhani kama alijua kwamba amenusa. Hakuwa na ubaya wowote, na bado ananiita dadangu. Nilikwenda jikoni kwake nikaosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

FUNZO

Ndugu zangu wenye magari, bei ya mafuta inauma, najua, wala sina dawa yake. Lakini petroli haina mahali ndani ya nyumba. Usiifiche bafuni wala chini ya kitanda, wala usiitie kwenye mtungi wa maji, hata ukiufunga kitambaa cha rangi gani. Alichodunduliza Baba Kate kwa foleni zote zile hakikununua dawa ya kupaka ya wiki moja. Gari likikushinda, liache. Kutembea si aibu.

Wewe mwenye gari, waambie unaowapakia kwamba mzigo umekulemea. Na wewe unayepakiwa, usingoje kuombwa. Tia mkono mfukoni. Laiti ningechangia mafuta, mtu yule asingefika kufyonza petroli kwa mdomo.

La mwisho ni letu majirani. Hatari ya nyumba moja ni ya ghorofa nzima. Ukinusa, kabisha hodi siku hiyo hiyo, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yako, na zaidi kama ni rafiki yako. Swafia alisema mara moja akaonekana mtu wa maneno. Mimi nilinyamaza nikaonekana jirani mwema, na miguu ya Janet ndiyo iliyolipa.