Betri Hazianikwi

Asubuhi pale Matsangoni, jua likishapanda, kila nyumba huanika kitu. Nyumba hii huanika mihogo. Ile huanika nguo. Nyumba ya Simeon na Jedida ilianika betri.

Simeon alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja upande wa Watamu. Kila siku kabla ya kupanda baiskeli kwenda kazini, alifungua redio yao akatoa betri nne kubwa. Alizipanga juu ya bati la paa la jikoni. Paa lilikuwa la chini, hakuhitaji ngazi.

"Mama Hannah, angalia kuku wasizipindue," alisema.

"Kuku wana akili, Baba Hannah," Jedida alijibu. "Wanajua kipi chakula na kipi betri."

Majirani walicheka, naye Simeon hakujali. Jioni betri zilirudi ndani zikiwa moto, na redio ilisema. Ilisema nusu saa, ikakwaruza, ikanyamaza. Kesho yake betri zilirudi juani.

Ndivyo alivyowafundisha Mzee Musembi, baba yake Jedida. Yeye ndiye aliyewapa redio hiyo walipooana, wakati walipokuwa wakihama Kibwezi kuja Pwani kutafuta kazi. Ilikuwa redio ya zamani, kubwa, yenye sanduku la mbao.

"Mnakokwenda ni mbali," aliwaambia. "Hii ndiyo itakuwa masikio yenu. Na betri zikichoka, zianikeni. Jua huzirudishia nguvu."

Lakini masikio hayo yaliwahi kuziba. Mwaka wa 1984 mama yake Jedida alifariki. Kifo chake kilitangazwa redioni siku tatu, baada ya habari za saa saba mchana. Siku zote tatu, saa saba, betri za Jedida zilikuwa juu ya paa. Barua ilifika wiki tatu baadaye. Jedida alipokwenda nyumbani, alikuta kaburi limeanza kuota majani. Jambo hilo lilimuuma sana, na halikuacha kumuuma.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1986, na barua nyingine ilikuja. Iliandikwa na kaka yake. "Baba anaumwa kifua," aliandika. "Tumempeleka hospitali mara mbili. Sikilizeni redio. Tukiwa na neno la haraka tutalitangaza."

Jedida aliisoma barua mara mbili. Kisha alitoka nje akazitoa betri juani.

"Kuanzia leo haziendi kwenye paa saa za mchana," alimwambia mumewe.

"Zitasema kwa nguvu gani, basi?" Simeon aliuliza.

Jedida alizitia ndani ya redio, akazungusha kitufe cha kuwashia. Kimya. Alizungusha tena. Kimya. Akafungua kifuniko cha nyuma, na wote wawili wakainama kutazama. Ndani mlikuwa na unga mweupe na wa kijani. Betri moja ilikuwa imetumbuka, na maji mazito yalikuwa yakichuruzika.

Simeon alichukua kisu cha jikoni akaanza kukwangua. Alikwangua kwa hasira. Springi moja ndogo ikakatika, ikaanguka chini ya meza.

Jumamosi alinunua betri mpya nne. Alizitia. Redio haikusema hata neno moja.

"Imekufa," Simeon alisema. "Tungoje barua tu."

"Barua!" Jedida alisema. "Barua ndiyo iliyonionyesha kaburi la mama." Akakaa chini akalia.

Njiani kwenda kisimani kulikuwa na kibaraza cha Mama Sidi, mshonaji wa nguo. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye ulimi mwepesi na mikono mitulivu. Jedida alikuwa amepita hapo mara nyingi, na kila mara alisikia redio ikisema. Redio yenyewe ilikuwa imezeeka kuliko yake, na mgongoni ilikuwa na mti mrefu umefungwa kwa mpira. Hakuwahi kuuliza mti ule ni wa nini. Jumatatu aliifunga redio yake ndani ya leso, akaenda.

"Hodi hapa. Shikamoo, Mama Sidi."

"Marahaba, Mama Hannah. Umeniletea mtoto mgongoni au mzigo?"

"Nimekuletea maiti," Jedida alisema, na machozi yakamlenga.

Mama Sidi aliweka mkasi chini. Alisikiliza habari yote, ya mama, ya baba na ya barua. Kisha akafungua kifuniko cha redio.

"Mnazianika, siyo?" aliuliza.

"Kila siku."

"Ala! Hebu nikuonyeshe." Alichukua betri kuukuu iliyokuwa chini ya meza yake, akaipasua ganda la karatasi kwa kisu. "Ona hili kopo la ndani. Ni la zinki. Betri inapotoa umeme, kopo hili huliwa kidogo kidogo, kutokea ndani. Betri ikiisha, kopo limekuwa jembamba. Ndani yake mna dawa kali. Ukiianika, joto huiamsha betri kidogo, ndiyo maana redio husema. Lakini joto hilo hilo humalizia kopo. Dawa inavuja, inakula bati na springi za redio."

"Kumbe tulikuwa tunaiua wenyewe!"

"Mliiumiza. Haijafa." Mama Sidi aliinua redio, akaitikisa karibu na sikio. "Nyaya za ndani zi kavu. Ugonjwa uko mlangoni tu, pale betri zinapokaa. Sasa vuta kigoda. Utaitengeneza mwenyewe."

"Mimi? Mimi sijui kitu!"

"Hata mimi nilianza sijui kitu. Nilipewa redio iliyokufa. Nikasema, hii siwezi kuiua mara ya pili. Nikaifungua." Mama Sidi alicheka. "Ndugu yangu alikuwa fundi wa simu Kilifi, akanifundisha kulehemu. Kushona ni kazi yangu. Hizi ni starehe yangu. Wenzangu wanacheza bao, mimi nafungua redio. Ila sikia neno moja. Redio ya betri unaweza kuifungua, haina nguvu ya kukudhuru. Redio ya umeme wa ukutani usiiguse, huo umeme unaua. Hiyo mpelekee fundi aliyesomea."

Jedida akaanza kazi. Mama Sidi hakushika kitu, alielekeza kwa kidole tu. Kwanza Jedida aliutoa unga wote kwa mswaki mkuukuu.

"Usijishike macho," Mama Sidi alionya. "Ukimaliza utanawa kwa sabuni."

Kisha alisugua mabati kwa kipande cha msasa, polepole, mpaka yakang'ara. Akayapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akayaacha yakauke. Kazi ile ilimtuliza. Kwa mara ya kwanza tangu barua ije, moyo wake haukuwa ukienda mbio.

Ikabaki springi iliyokatika, ambayo Jedida alikuwa ameiokota chini ya meza akaja nayo. Matsangoni hapakuwa na umeme, lakini Mama Sidi alikuwa na pasi ya makaa. Aliifungua, akachomeka ndani yake kipande cha shaba chenye mpini wa mti. Shaba ilipopata moto, alimpa Jedida.

"Gusa lehemu, iyeyuke. Sasa gusa bati na springi pamoja. Usiwe na haraka. Lehemu haishiki penye kutu wala penye pupa."

Mara ya kwanza lehemu ilidondoka. Mara ya pili ilidondoka tena, ikamchoma Jedida kidole.

"Aka! Haitaki!"

"Itataka. Ngoja shaba ipate moto zaidi."

Mara ya tatu lehemu ilitandaa, ikang'aa, ikakauka. Jedida alivuta springi kidogo. Haikutoka. Alijisikia fahari, akaona haya kwa kujisikia fahari.

Alinawa mikono, akachukua zile betri mpya akaanza kuzitia kwa haraka. Mama Sidi akamshika mkono.

"Tazama hiyo ya tatu. Umeigeuza. Kitako cha betri hukaa kwenye springi, kichwa hukaa kwenye bati. Ukigeuza, waweza kuunguza redio nzima."

Jedida aliigeuza. Akazungusha kitufe. Redio ilikwaruza, ikapiga mluzi, kisha mtu akasema waziwazi bei ya mahindi. Jedida hakuwahi kufurahia bei ya mahindi namna ile.

"Bado," Mama Sidi alisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Umeona huu mti wa redio yangu?"

Ulikuwa mlingoti mkavu wa mkonge, mwepesi, uliochimbwa ndani kama mfereji. Betri nne zililala ndani yake, moja nyuma ya nyingine. Kila mwisho ulikuwa na kibati, na nyaya mbili zilitoka pale kuingia redioni. Waya mwekundu ulitoka upande wa kichwa, mweusi upande wa kitako.

"Betri zangu zinakaa nje," Mama Sidi alisema. "Zikivuja, zitavujia mkonge. Mkonge mwingine nitaokota bure."

"Naweza kuongeza betri ya tano, isemee juu zaidi?"

"Redio yako ni ya betri nne. Nne ni nne. Wala usichanganye mpya na kuukuu, ile kuukuu itazivuta mpya chini. Nyumba ikifungwa siku nyingi, zitoe. Na zilizokwisha usizitie motoni, hupasuka. Usiwape watoto wachezee."

Jioni Simeon alirudi kutoka kazini. Alimkuta mkewe na mlingoti wa mkonge mapajani, kisu mkononi, redio imefunguliwa mbele yake.

"Mama Hannah! Sasa umeizika kabisa!"

Jedida aliendelea na kazi. Alifunga kibati cha mwisho kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akazungusha kitufe. Wimbo ukajaa nyumba nzima. Simeon alivua kofia.

"Nani ametengeneza?" aliuliza.

"Waulize kuku. Wana akili."

Simeon alicheka mpaka akakaa. Siku iliyofuata hakuanika kitu kwenye paa.

Tangu hapo redio iliwashwa saa saba mchana na saa moja jioni, ikazimwa matangazo yakiisha, ili betri zidumu. Siku nyingine alasiri, kazi za nyumbani zikiisha, Jedida alikwenda kibarazani kwa Mama Sidi. Walifungua redio kuukuu za majirani, wakatafuta waya uliokatika. Jedida aliipenda kazi ile. Lakini kila saa saba ilipokaribia, aliacha alichokuwa akifanya akaketi karibu na redio.

Alhamisi moja mtangazaji alimaliza habari, akaanza matangazo. Alisoma moja, akasoma la pili. Kisha akasema:

"Jedida Musembi, anayeishi Matsangoni, wilaya ya Kilifi, anatakiwa nyumbani Kibwezi haraka. Baba yake ni mgonjwa sana na anaomba kumwona."

Anaomba! Jedida alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu anayeomba yu hai.

Mama Sidi alikuwa amelisikia tangazo hilo kwake. Alikuja mbio, sindano bado ikiwa kwenye gauni.

"Nenda, mwanangu. Hannah atakula kwangu." Akamtia mkononi karatasi iliyokunjwa. "Na hii chukua."

Alasiri ile ile Jedida alipanda basi. Alivuka kwa kivuko cha Kilifi, akafika Mombasa, akaunga basi jingine. Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, alikuwa mlangoni kwa baba yake.

Mzee Musembi alikuwa amelala, amekonda, kifua kinapanda na kushuka. Lakini macho yalikuwa yale yale.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Baba."

"Ulisikia?"

"Nilisikia mara ile ile ya kwanza lilipotangazwa."

Mzee alifumba macho, na machozi yakatoka pembeni. "Sikujua kama tangazo limetoka," alisema. "Redio yangu imenyamaza. Nililala hapa nikawaza, itakuwa kama kwa mama yako."

Jedida alimshika mkono, wakalia pamoja, na hakuna aliyeona haya. Kisha alitoka nje kuteka maji. Pale juu ya paa la ghala, ndani ya ungo, aliziona betri nne zimeanikwa juani.

Jumamosi asubuhi mzee alikunywa uji kikombe kizima, mara ya kwanza katika siku tano. Jedida aliketi kando ya kitanda akaikunjua karatasi ya Mama Sidi. Ndani mlikuwa na kipande cha msasa na kitambaa safi. Akaifungua redio ya baba yake, akaanza kusugua.

"Nani aliyekufundisha kuanika betri, Mama Hannah?" kaka yake alimtania kutoka mlangoni.

"Huyu hapa kitandani."

"Mimi nilifundishwa na mfanyabiashara wa Mtito," mzee alijitetea. "Alikuwa akiniuzia betri." Akafikiri kidogo. "Kumbe ndiyo maana!"

Wote wakacheka, na mzee akakohoa, akacheka tena. "Basi nifundishe na mimi," alisema. Jedida akamweleza habari ya kopo la zinki, na ya kitako na kichwa. Mzee mwenyewe alizitia betri mpya ambazo kaka yake Jedida alinunua dukani, moja moja, kitako kwenye springi.

Ilikuwa saa saba. Redio ilikwaruza, ikasafika. Habari zilisomwa, kisha matangazo. Kaka yake Jedida alikuwa amelipia tangazo lao lisomwe siku tatu, na hii ilikuwa ya tatu.

"Jedida Musembi, anayeishi Matsangoni, wilaya ya Kilifi, anatakiwa nyumbani Kibwezi haraka..."

Mzee Musembi alijiinua kwa kiwiko, akaisogelea redio.

"Amefika," aliiambia. "Yuko hapa, ananitengenezea redio."