Mama Mzee Aliyesafisha Kitovu

Mama mzee hakuwahi kuomba hata maji ya kunywa. Alikuja kila mchana, akapanda ngazi za ile nyumba ya ughaibuni, mtaa wa Schaerbeek, bila kuhema, akampakata mtoto mchanga Noé na kumgeuzia Jémima mgongo. Kazi yake, alisema, ni kusafisha kitovu.

Noé alikuwa mtoto wa kwanza wa Jémima, na mama mzazi wa Jémima, ambaye angemsaidia, alibaki Kivu. Jémima alidhani mumewe, Tharcisse, ndiye aliyemwomba mwanamke huyo kanisani. Tharcisse naye alimchukulia kuwa shangazi wa mkewe. Hawakuulizana, maana tangu aanze kuja mtoto alikuwa mtulivu. Halii. Hata ziwa la mama halitafuti.

Siku moja ya mvua akaja Rolande, jirani wa ghorofa ya chini. Zamani alikuwa mkunga Bukavu. Sasa aliogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Auderghem. Alipofungua mlango tu akaziba pua. Chumba kilinuka nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko, pamoja na utamu fulani unaoganda kooni. Jémima alisema yeye hasikii harufu yoyote.

Mama mzee alikuwa kitini, kainama. Kulisikika mlio wa kulamba, kama mbwa anayemaliza sahani.

Rolande alimzunguka polepole, akaona ulimi wa kijivu, mrefu kuliko kiganja, ukipapasa kitovu cha Noé na kufyonza usaha uliokuwa ukichuruzika, na pembeni yake ngozi imevimba, ngumu, inang'aa, wekundu ukitambaa tumboni, na mtoto mwenyewe amelegea kama kitambaa kilicholowa, anapumua mbiombio na kuguna kila pumzi, macho wazi, wala hashtuki.

Akamgusa mguu. Ulikuwa wa baridi.

“Jémima,” alinong'ona, “tangu wakati gani hanyonye?”

“Tangu jana. Nilizani ameshiba, maman.”

“Bon. Microbe imeingia ku kitovu, inamumaliza. Tunamupeleka ku hôpital sasa hivi.”

Mama mzee hakuinua kichwa. “Mumuache,” alisema, mdomo umejaa. “Hajaiva bado.”

Rolande alimpokonya mtoto, akamtia mikononi mwa mama yake na kuwasukuma nje. Kisha akashika ndoo iliyokuwa mlangoni, ya maji ya javel, ile dawa kali ya kupigia deki, akammwagia yule mzee usoni. Uso ulijikunja, ukachubuka kama utando wa maziwa ya moto, ukateleza hadi kifuani, na chini yake hapakuwa na jicho wala pua, ila kinywa kitupu kilichoendelea kulamba hewa mpaka kikayeyuka na kuwa ute sakafuni.

Pale ngazini harufu ikamfikia Jémima kwa mara ya kwanza. Alitapika huku akishuka, lakini hakumwachia mtoto.

Hospitalini walimtundikia Noé dawa za mshipa. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na kwamba wangechelewa mpaka jioni asingekuwa na la kufanya. Siku kadhaa baadaye mtoto alilia kwa sauti, akalitafuta ziwa, na Tharcisse akaketi chini palepale wodini akilia naye.

Noé alipona, akanenepa. Jémima alimnyonyesha, akamwogesha, akamwimbia. Lakini kila alipomvua nguo, mtoto akacheka na kubenua tumbo apate busu, midomo ya mama yake ilikataa kushuka. Tharcisse ndiye aliyembusu pale, na Jémima alitoka chumbani ili asisikie ule mlio wa midomo juu ya kitovu.