Yai Juu ya Viazi

"Kwa nini siku ile ulinirudishia ndoo tupu?"

Pilipili aliacha viazi karaini, akainua uso. Mwanamume aliyesimama mbele ya kibanda alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na mvi zilizoanza kuchungulia kidevuni, lakini sauti ilikuwa ile ile. Fundi Lifti! Kijana aliyekulia ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, akaenda kusomea lifti, kota nzima ikamcheka mpaka ikachoka.

"Salamu huna?"

"Nikianza na salamu, swali litanikwama tena. Limenikwama miaka mingi."

"Ndoo gani tupu unayosema wewe?"

Kota zilikuwa zinavunjwa wiki iliyofuata. Wapangaji walishahamishwa, milango ilishang'olewa, na watoto wa zamani walikuwa wameitana kwenye kundi lao la simu waje wale kwa Pilipili mara ya mwisho. Wengi walisema watafika jioni. Fundi alikuwa wa kwanza, na ni wazi hakuwa amefuata viazi.

Kwa asiyekulia pale, hadithi ya ndoo inahitaji maelezo kidogo. Kota zile hakuna aliyeshuka ngazi kufuata chakula. Vibanda vilijipanga chini ukutani: mzee wa supu, dada wa chai, na mama yake Pilipili na karai lake. Jua likipoa harufu inapanda, na ndoo ndogo zinaanza kuteremka kwa kamba kutoka kila varanda, huku nguo zilizoanikwa zikiwadondoshea maji wauzaji na wao wakitukana kwa raha zao. Unatiliwa chakula chako, unavuta.

Sasa ghorofa ya pili alikaa mtoto mmoja mwenye mkono mrefu. Kila ndoo iliyopita kwake aliidaka, akachomoa kipande kimoja cha kiazi, akapiga kelele, "Ushuru!" Jina likamganda. Watu walimfokea, wakacheka, wakazoea. Kilikuwa kipande kimoja tu, hakuzidisha.

Mapenzi ya Fundi na Pilipili yalipanda na kushuka kwa kamba hiyo hiyo. Mama wa huku yuko kwenye karai, mama wa kule yuko varandani anaanika. Wangeongea saa ngapi?

"Nilikwambia naondoka kesho kwenda kazini," Fundi alisema. "Nikakwambia jioni nitateremsha ndoo. Ukikubali nikuoe, nitilie viazi na yai juu. Ukikataa, nirudishie tupu, na sitakuuliza tena maishani."

"Na mimi nilitia."

"Ulitia nini?"

"Viazi na yai! Nililimenya la moto, vidole vikababuka. Mama akauliza yai limeenda wapi, nikamdanganya limeanguka. Nikasimama hapa hapa shingo juu, nangoja uchungulie. Hukuchungulia. Asubuhi naambiwa umepanda basi."

Fundi alitikisa kichwa.

"Nilivuta ndoo ikaja nyepesi, Pilipili. Hata chembe ya chumvi haikuwemo. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Halafu ukanitumia ujumbe: 'Safari njema.'"

"Nilikuwa nakusimanga!"

"Mimi nikajua unanifukuza. Nikajibu, 'Asante.'"

"Hiyo asante yako nililala nayo mwaka mzima," Pilipili alisema, na machozi yakamlenga pale pale mbele ya karai.

Viazi vilianza kuungua na hakuna aliyevigusa. Macho yao yalipanda ukutani taratibu, yakaishia kwenye varanda ya ghorofa ya pili.

"Hapana," Pilipili alisema haraka. "Yeye alikuwa anachukua kipande kimoja."

"Kwani siku hizi yuko wapi, Ushuru?"

"Ananioa Jumapili."

Fundi alishika nguzo ya kibanda. Pilipili alikuwa ameshatoa simu, akampigia, akaiweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Bibi harusi wangu!" Ushuru aliitikia kwa furaha. "Nipo njiani, nimeshalipia viti."

"Njoo kibandani. Fundi Lifti yuko hapa."

Furaha ilimtoka sautini.

"Anataka nini?"

"Viazi," Pilipili alijibu, akakata.

Ushuru alifika jasho likimtiririka. Alipowaona wawili wale hawakaribiani wala hawagombani, alijua. Hakujitetea kwanza, na hilo tumpe.

"Nililila," alisema. "Nyumbani siku ile hakukupikwa. Nikadaka ndoo, nikaona yai, nikapagawa, nikamaliza vyote. Nilijua utanifokea kutoka juu kama kawaida yako, Fundi. Hukufoka. Ningejuaje kwamba lile yai lilikuwa jibu?"

"Kula nimekusamehe hata kabla hujafika," Pilipili alisema. "Ulijua lini?"

Aliyejibu alikuwa Fundi, polepole, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

"Asubuhi yake. Stendi. Wewe ndiye uliyenibebea sanduku. Nilikwambia, 'Pilipili amenirudishia ndoo tupu. Tulikubaliana hivyo, ndoo tupu ni hapana.' Ukanipigapiga begani."

"Basi lilikuwa halijaondoka," Ushuru alisema kwa sauti ndogo. "Lilikaa sana. Mdomo ulikuwa tayari kufunguka, wallahi. Lakini na mimi nilikuwa nampenda, nyote wawili hamkujua. Nikasema acha liondoke kwanza, nitamwambia baadaye."

"Baadaye ipi?"

"Ikawa ngumu. Na kila mwaka ikawa ngumu zaidi."

Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini Ushuru ndiye aliyemlisha mama yake Pilipili uji hospitalini hadi siku ya mwisho. Ndiye aliyembebea mtungi wa gesi kila asubuhi bila kuombwa. Pilipili alimpenda, polepole, kwa akili zake timamu. Hapo ndipo palipomuuma.

Simu ya Fundi ililia mlio mfupi juu ya meza, na wote watatu wakasoma bila kutaka: "Mume wangu, mwanao amegoma kula mpaka akuone. Unarudi na basi lipi?"

Fundi aliichukua akaigeuza kifudifudi. Aibu ilimjaa usoni.

"Sikuja kukuvunjia harusi. Nilitaka kujua tu."

"Sasa umejua." Pilipili alijifuta macho kwa kanga. "Zile ngazi zilikuwa na nini, Fundi? Ungeshuka ukaniuliza usoni."

"Na wewe ungepanda."

"Ningepanda," alikubali. "Kila siku nilikuwa napanda kudai madeni ya mama. Siku hiyo moja nikaona haya."

Fundi aliaga kwa kichwa tu, akapita kati ya milango iliyong'olewa, akaenda zake stendi. Pilipili alimtazama mpaka akapotea, kisha akazima jiko. Ushuru alikuwa bado amesimama.

"Unamrudia?"

"Ana mke na mtoto. Nimrudie wapi?"

"Basi unaniacha kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya yule msichana aliyelia begani kwako usiku na mchana akikuuliza, 'Hivi nilimkosea nini?' Ukamfuta machozi. Ukamwambia, 'Hukumkosea kitu, yule hakukupenda tu.'"

Ushuru alinyoosha mkono kumshika.

"Ungeniambia siku tunamzika mama, ningelia, nikakusamehe. Ungeniambia hata jana, bado ningekubali unioe. Nimeambiwa na mtu mwingine." Alivua pete, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole mwenyewe kwa upole. "Wageni utawapigia wewe. Na wakikuuliza sababu, safari hii sema."